Ziwa si Mnyororo, ni Wavu

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alinijia na daftari lake la biolojia akitaka nimsaidie kupata maneno ya Kiswahili. Chama cha Kiswahili shuleni mwao kilikuwa kimemteua atoe hotuba kuhusu Ziwa Victoria. Katika daftari hilo mlikuwa na mchoro uliochorwa kwa ustadi: mwani, kisha mshale, kidudu kieleacho majini, kisha mshale, omena, kisha mshale, mbuta, kisha mshale, na mwishoni mtu aliyeketi mezani. Juu ya mchoro alikuwa ameandika jina lake kwa Kiingereza, nami bila ya kufikiri mara mbili nikampa tafsiri iliyozoeleka: mnyororo wa chakula.

Alipokwisha kwenda zake, neno hilo lilianza kunisumbua. Mimi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa samaki. Hata hivyo, kazi yangu imenifunza kwamba neno halibebi wazo tu. Aghalabu huliumba wazo lenyewe. Mnyororo una pete zilizoshikana moja baada ya nyingine. Una mwanzo mmoja na mwisho mmoja, na kila pete ina mahali pake pasipobadilika. Ukikata pete moja unajua barabara ni kipi kitakachoanguka. Mtoto anayefundishwa kuliita ziwa mnyororo atakua akiamini kwamba ndivyo lilivyo, na huenda siku moja akapewa madaraka ya kuamua mambo ya ziwa hilo akiwa na picha hiyo akilini. Je, picha hiyo ni ya kweli?

Niliamua kuwauliza wenzangu wa kitivo cha sayansi, na nikasoma yale waliyonielekeza niyasome. Nimeshawishika kwamba picha hiyo si ya kweli. Ushahidi wenyewe ni wa kuvutia, nao unafaa kufundishwa katika kila darasa, kwa lugha ambayo kila mtoto anaielewa. Ndiyo sababu ya makala haya.

Tangu zamani, aliyetaka kujua samaki amekula nini alimpasua tumbo. Wavuvi hufanya hivyo kila siku, na wanasayansi nao wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Njia hiyo ni nzuri, ila ina kasoro. Tumbo hueleza mlo wa mwisho peke yake. Samaki aliyevuliwa alfajiri huenda tumbo lake likawa tupu. Chakula laini husagika upesi kisitambulike, ilhali miba na magamba hudumu. Isitoshe, si kila kilichomo tumboni kinachojenga mwili. Kingine hupita tu kikatoka. Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Walikusudia kwamba la jana limekwisha, halina haja ya kuulizwa. Lakini kwa anayelichunguza ziwa, hilo ndilo swali lenyewe: mla jana, na mla mwezi uliopita, alikula nini?

Jibu limo katika nyama ya samaki. Kila kiumbe hai kimejengwa kwa kaboni na naitrojeni, pamoja na elementi nyingine. Atomi za kaboni hazina uzito mmoja. Katika kila atomi 100, takriban 99 zina uzito wa 12, na moja hivi ina uzito wa 13, kwa kuwa kiini chake kina nyutroni moja zaidi. Kwa naitrojeni, katika kila atomi 1,000, takriban 996 zina uzito wa 14, na nne hivi zina uzito wa 15. Atomi hizi za elementi moja zenye uzito tofauti ndizo ziitwazo isotopi. Hizi ninazozitaja zinaitwa thabiti kwa sababu hazivunjiki wala hazitoi mnururisho. Kwa hiyo mwanafunzi asizichanganye na kaboni ya uzito wa 14, ambayo huvunjika polepole na hutumiwa kukadiria umri wa mifupa na mabaki ya kale.

Mwaka 1978, Michael DeNiro na Samuel Epstein, wanasayansi waliofanya kazi California, walionyesha kwamba uwiano wa kaboni nzito na nyepesi katika mwili wa mnyama hukaribiana sana na uwiano uliomo katika chakula chake. Mwaka 1981 walionyesha kwamba naitrojeni nayo hufuata chakula, ila kwa tofauti moja kubwa. Mwili wa mnyama hutupa naitrojeni nyepesi pamoja na taka zake kwa urahisi kuliko ile nzito. Kwa sababu hiyo, mla huwa na naitrojeni nzito zaidi kuliko aliwaye. Wajapani wawili, Masao Minagawa na Eitaro Wada, walikadiria mwaka 1984 kwamba nyongeza hiyo ni sehemu 3.4 katika elfu, kwa wastani, kila mara kiumbe kimoja kinapomla kingine.

Basi tuna vipimo viwili, na kila kimoja kina kazi yake. Naitrojeni hutuambia samaki yuko ngazi ya ngapi. Kaboni hutuambia chakula chake kilianzia wapi. Mwani ushikao mawe ukingoni mwa ziwa, kwa kawaida, huwa na kaboni nzito zaidi kuliko mwani ueleao katikati ya maji, kwa sababu maji yanayouzunguka yametulia, nao hulazimika kuitumia kaboni yoyote iliyopo bila ya kuchagua. Mafunjo nayo, kama yalivyo mahindi na miwa, yana kaboni nzito kuliko miti mingi ya nchi kavu. Kila chanzo kina alama yake, na alama hiyo husafiri kutoka mdomo hadi mdomo. Mtafiti huchukua kipande kidogo cha nyama, hukikausha, hukisaga kikawa unga, hukichoma ndani ya mashine, na mashine hiyo huzitenga atomi nzito na nyepesi na kuzipima. Kwa kuwa nyama hujengwa kwa muda wa majuma na miezi, kipande hicho hueleza milo ya kipindi hicho chote.

Mwalimu anaweza kuligeuza jambo hili kuwa hesabu ya ubaoni. Tuseme konokono wa ukingoni, ambaye hula mwani, amepimwa akapatikana na kiwango cha naitrojeni cha 5. Samaki fulani katika ziwa hilohilo ana kiwango cha 11.8. Tofauti yao ni 6.8. Gawanya kwa 3.4, upate 2. Ikiwa mwani uko ngazi ya 1 na konokono ngazi ya 2, basi samaki huyo yuko ngazi ya 4. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini ndivyo watafiti wanavyofanya. Hapo ndipo mnyororo unapoanza kukatika. Katika maziwa ya kweli, majibu mara nyingi huwa 3.3, au 3.7, au 2.6. Samaki hula huku na huku: leo kidudu, kesho samaki mwenzake, keshokutwa mabuu ya wadudu. Pete ya mnyororo haiwezi kuwa ya tatu na nusu.

Tulitazame sasa Ziwa Victoria. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, aliletwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kupita kiasi. Fulu, ambao walikuwa na spishi zipatazo 500, wengi wao wasiopatikana kwingineko duniani, walipungua ghafula, na spishi nyingi hazikuonekana tena. Katika mchoro wa mpwa wangu, mbuta ana mshale mmoja unaoingia na mmoja unaotoka. Lakini mbuta mdogo hula wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, hasa uduvi. Akikua hula omena na fulu. Na mara nyingi humla hata mbuta mwenzake aliye mdogo kuliko yeye. Utafiti wa isotopi uliofanywa na Linda Campbell na wenzake katika Ghuba ya Napoleon upande wa Uganda na Ghuba ya Winam upande wa Kenya, ukachapishwa mwaka 2003, ulihusu mambo haya: nani anamla nani katika ziwa lililokwisha kubadilika. Jina ni moja, mbuta, lakini katika maisha yake samaki huyo hupanda ngazi kadiri anavyokua. Tutamweka kwenye pete ipi?

Hata tilapia wa Nile, ambaye wengi humwita ngege na ambaye vitabu vilimtaja kuwa mla mwani, alipochunguzwa upande wa Kenya alikutwa akila wadudu, uduvi na hata samaki wadogo. Nao fulu waliosalia hawakubaki walivyokuwa. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walianza kuwakusanya fulu katika Ghuba ya Mwanza katika miaka ya 1970, na samaki hao wamehifadhiwa ndani ya chupa hadi leo. Miaka mingi baadaye vipande vya nyama yao vilipimwa, vikalinganishwa na vya fulu wa miaka ya karibuni. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba alama za isotopi zilikuwa zimebadilika pamoja na ziwa lenyewe. Samaki aliyekufa kabla ya mwanafunzi wa leo kuzaliwa bado anaweza kuulizwa alikula nini, naye akajibu.

Mfano ulio wazi kuliko yote niliupata mbali na hapa kwetu, nchini Kanada. Mwaka 1999, Jake Vander Zanden na wenzake walichapisha utafiti kuhusu maziwa yaliyovamiwa na samaki wageni wa jamii ya besi. Katika maziwa hayo aliishi trauti, samaki mkubwa wa majini kwenye kina kirefu. Kwa mantiki ya mnyororo, trauti hakuwa na la kuogopa, maana besi hawakuwa wakimla. Vipimo vya isotopi vilieleza mengine. Besi waliwamaliza samaki wadogo wa ukingoni ambao trauti aliwategemea, na trauti akashuka ngazi, akaanza kujilisha vijidudu vieleavyo katikati ya maji. Madhara yalipitia pembeni, mahali ambapo katika mnyororo hapana kitu.

Na hapa nyumbani, Ziwa Naivasha limetupa funzo jingine. Kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, Marekani, aliingizwa humo mwaka 1970 kwa ajili ya biashara, akala mimea ya chini ya maji hadi ikatoweka sehemu nyingi. Mwaka 2012, Jonathan Grey na Michelle Jackson walichapisha utafiti kuhusu kamba waliokutwa wakijificha ndani ya nyayo za viboko, nje ya ziwa lenyewe, na waliotoka usiku kula mimea ya nchi kavu. Isotopi zilithibitisha yale ambayo macho yaliona: nyama ya kamba hao ilikuwa imejengwa kwa kiasi kikubwa na mimea hiyo. Basi ziwa halikomei ukingoni. Anayelima hadi kwenye maji, na anayekata mafunjo, anagusa chakula cha viumbe wa majini hata kama hajawahi kushika ndoana.

Huenda msomaji akauliza: haya yana faida gani kwa mtu wa kawaida? Nitataja mambo mawili. La kwanza ni zebaki. Sumu hii hujilimbikiza mwilini, na kila mla huipokea kutoka kwa wote aliowala. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1994, Gilbert Cabana na Joseph Rasmussen walionyesha kwa isotopi za naitrojeni kwamba samaki wa aina ileile huwa na zebaki nyingi zaidi katika ziwa ambamo amekaa ngazi ya juu. Katika Ziwa Victoria, vipimo vilivyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilionyesha kwamba kiasi katika samaki wengi kilikuwa kidogo, mbuta wakubwa sana wakiwa ndio wenye zaidi. Hiyo ni habari njema, na sisemi haya ili kumtisha mtu asile samaki. Lakini wachimbaji wadogo wa dhahabu katika sehemu zilizo karibu na ziwa hutumia zebaki, na mlaji ana haki ya kuelewa ni kwa nini ukubwa wa samaki una maana katika jambo hili.

La pili ni omena. Kwa uzito, omena ndiye samaki avuliwaye kwa wingi zaidi katika Ziwa Victoria siku hizi. Ni chakula cha mbuta, ni chakula cha mtoto wa maskini, na ni chakula cha kuku viwandani. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa na msimu wa kufunga uvuvi wake, kuanzia Aprili hadi Julai, na kila mwaka wapo wavuvi na wachuuzi wanaolalamika kwamba wameonewa. Siwalaumu. Mama anayetegemea karai lake la omena kulipa karo anaambiwa angoje miezi minne, na anayemwambia hana picha ya kumwonyesha isipokuwa mishale iliyonyooka. Katika mishale hiyo, omena ni pete moja tu, na mtu anaweza kudhani kwamba ikikatika mbuta ndiye atakayeumia, basi. Picha iliyo karibu na ukweli ingemwonyesha kwamba omena ameshikilia mambo mengi kwa pamoja, na kwamba akipungua, mbuta atakigeukia chakula kingine, wakiwamo fulu wale wachache walioanza kurudi tangu miaka ya 1990. Mtu aliyeelewa hivyo anaweza kukubali au kukataa sheria kwa hoja. Asiyeelewa hulazimishwa tu.

Nikiri pia mipaka ya elimu hii, maana mwanafunzi hafai kufundishwa kuabudu mashine. Tarakimu ya isotopi peke yake haisemi kitu. Maji taka ya mji hupandisha kiwango cha naitrojeni nzito, na baadhi ya viumbe wadogo wa kijani wanaonasa naitrojeni ya hewa hukishusha. Samaki wa ghuba mbili wanaweza kutofautiana ingawa wanakula chakula kilekile. Ndiyo maana mtafiti hupima kwanza konokono au kome wa mahali hapo, apate msingi wa kuhesabia. Tena vyakula viwili vinaweza kuwa na alama inayofanana, na hapo mashine haiwezi kuvitenga. Itabidi arudi kwenye tumbo la samaki, na arudi kwa mvuvi amuulize ni nini kinachopatikana pale, msimu gani, kwa kina gani. Mvuvi huyo hasemi Kiingereza cha maabara. Kwa hiyo lugha ya wananchi ni sehemu ya utafiti wenyewe tangu mwanzo, wala haifai kungojea mwisho ili itumiwe kutangazia matokeo.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba mnyororo ni kurahisisha tu, na kwamba mtoto atajifunza yaliyo magumu akifika chuo kikuu. Jibu langu ni kwamba wengi hawafiki chuo kikuu. Wanafika ziwani, sokoni, shambani, na wengine katika mabaraza ya kaunti. Picha waliyopewa shuleni ndiyo watakayoitumia maisha yao yote. Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea isotopi. Msomaji aliyefika hapa ameona kwamba nimeyaeleza mambo haya kwa maneno ya kawaida, nikikopa machache tu, kama Kiswahili kilivyokopa meza na kalamu bila ya kupungukiwa na kitu.

Pendekezo langu kwa walimu ni dogo na halihitaji fedha. Baada ya kuchora mstari ulionyooka ubaoni, msikomee hapo. Waiteni wanafunzi wataje kila kitu ambacho mbuta hula, na kila kinachomla omena, mchore mishale yote. Kisha waulizeni: nikimwondoa huyu, ni nyuzi zipi zitakazolegea? Na mnapotafuta jina la mchoro huo, wapo wanaouita utando wa chakula, jina ambalo si baya. Mimi napendelea wavu. Mtoto wa ukingoni mwa ziwa amemwona baba yake akishona wavu. Anajua kwamba jicho moja likikatika wavu hauanguki papo hapo, lakini nyuzi za jirani hubeba mzigo usio wao, na kwamba tundu dogo lisiposhonwa leo, kesho samaki watapitia hapo.

Nimemwita mpwa wangu arudi na daftari lake kabla ya siku ya hotuba. Nitamwomba radhi kwa tafsiri niliyompa, kisha tutakaa chini tuchore upya.